Mkunga wa Pokrovka Nyingine

Ukiniuliza nimezaliwa wapi nitakujibu Pokrovka, na hapo sitakuwa nimekuambia kitu. Mkoa wetu una Pokrovka nyingi kuliko madaraja. Ipo ya kwetu, wilaya ya Lugovsk. Ipo nyingine ng'ambo ya mto, wilaya ya Zaborsk. Ipo ya tatu karibu na reli, ambayo siku hizi imebaki ya watu wa mjini wanaokuja wakati wa joto kupanda matango na kuchomwa na jua. Wazee wetu kila walipokata msitu na kutulia walijenga kanisa la Pokrova, siku ya Mama wa Mungu na shela yake, kisha wakaona uvivu kutafuta jina jingine la kijiji.

Wakubwa nao hawakutusaidia. Miaka ile walikuwa wakichukua wilaya mbili na kuzigandisha kuwa moja, halafu wanakuja wakubwa wengine wanazibandua. Bibi yangu aliishi katika wilaya nne bila kuhama kitanda. Ndiyo maana vitu vya watu vilikuwa vikipotea. Tuliwahi kuletewa lori zima la vifaranga ambao hatukuwaomba, na kabla dereva hajang'amua kosa lake, vifaranga walikuwa wamekwisha kuingia chini ya vitanda vya kijiji kizima, na hakuna aliyekuwa amewaona.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote tulichowahi kuletewa kwa makosa kilikuwa mtu, na mtu huyo ndiye aliyenitoa tumboni mwa mama yangu. Jina lake Rimma Savelyevna Toporkova. Nitawasimulia habari zake, maana yeye mwenyewe ukimuuliza atakuambia hana habari, ana presha tu.

Alikuja mwaka sitini na tatu, msichana mwembamba aliyetoka chuoni mjini, na koti lisilofaa kwa tope la kwetu. Alikuwa amesomea ukunga na utabibu mdogo. Serikali ilimpangia kazi Pokrovka, wilaya ya Lugovsk. Wilaya, sawa. Ila mwaka huohuo Lugovsk na Zaborsk zilikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo ndani ya wilaya moja zilikuwamo Pokrovka mbili, na aliyeandika pale ofisini alikuwa na ile ya ng'ambo kichwani mwake. Wale ndio walioomba mkunga. Sisi tulihitaji mkunga pia, lakini mwenyekiti wetu alikuwa amegombana na wilaya juu ya mbegu, na wakati ule hakuna aliyemsikiliza hata kama angeomba mvua.

Wale wa ng'ambo walituma mzee na mkokoteni wa farasi kumpokea kituoni. Mzee akafika mapema, akaona baridi, akaingia kantini kunywa supu. Nje palikuwa na lori la maziwa la kwetu, na dereva wake Matvei, kijana mwenye nywele za rangi ya mchanga na masikio makubwa. Rimma akamwendea.

"Kaka, unakwenda Pokrovka?"

"Nakwenda."

"Mimi ndiye mkunga. Umetumwa kunichukua?"

Matvei alimfungulia mlango. Mpaka anakufa alishikilia kwamba swali la pili hakulisikia kwa sababu ya injini. Injini ilikuwa imezimwa. Nimewauliza waliokuwapo.

Wakafika kwetu mchana, na siku yenyewe ilikuwa Pokrova. Hapo ndipo kosa lilipofungwa kamba. Siku ya Pokrova, kwetu mgeni haulizwi. Yeyote atakayeingia mlangoni anakaa, anakula, analala. Wewe ni nani na umetoka wapi ni maneno ya kesho yake. Kumuuliza kabla ni kama kumhesabia matonge. Miaka ile sikukuu za kanisa zilikuwa zimekatazwa, basi mbele ya watu wa chama tuliiita sherehe ya viazi, maana viazi vilikuwa vimeshatolewa shambani na hakuna katibu aliyethubutu kuvipinga viazi. Lakini desturi ilibaki ileile.

Matvei alimshusha kwenye mlango wa bibi yangu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kelele nyingi. Akakalishwa. Akaletewa pai ya kabichi, uyoga wa chumvi, na gongo ndani ya kikombe cha chai ili ionekane chai.

"Mimi nimetumwa na idara ya afya," Rimma akaanza.

"Kula kwanza, mwanangu," bibi akamwambia.

"Nina barua hapa ya..."

"Barua haiozi. Kula."

"Lakini nataka kujua kama hapa ndipo..."

"Hapa ndipo! Utakuwa wapi kama si hapa? Mmegee mkate huyu mtoto, ameisha kama uzi."

Mama yangu alikuwa akihangaika na tanuri tangu alfajiri. Akasimama katikati ya nyumba, akashika ukingo wa meza, akabadilika rangi. Bibi akatazama huku na huku, macho yakamwangukia mgeni.

"Wewe binti, unajua kushika mtoto?"

"Ndiyo kazi yangu!"

"Sasa mbona husemi?"

"Nasema tangu nimeingia!"

Nilikuja miguu mbele. Kijijini kulikuwa na wawili waliokuja hivyo kabla yangu, na wote wawili wako makaburini pamoja na mama zao. Rimma alikuwa na miaka ishirini hivi, na kitu hicho alikuwa amekiona mara moja tu, tena nyuma ya mabega ya profesa. Aliwafukuza wote, akabaki na bibi. Walipofungua mlango, mama yangu alikuwa akilia na mimi nilikuwa nikilia, na mkunga alikuwa ameketi sakafuni akila pai ileile ya kabichi. Kwa hiyo ukitafuta aliyemzuia pale, ni mimi.

Kesho yake mwenyekiti Yefim Lukich alikuja kuuliza maswali ya kesho. Akaisoma barua ya Rimma, akafahamu kila kitu kabla hajafika mwisho, akaikunja taratibu, akamrudishia.

"Karibu, binti," akasema. "Tumekusubiri sana."

Uongo haukuwamo katika maneno hayo. Tulikuwa tunamsubiri, ila si sisi tulioandika kumwomba. Kijiji kizima kikajua siku hiyohiyo na kijiji kizima kikajikausha. Simu ilipopigwa kutoka ng'ambo kuulizia mkunga wao, Yefim Lukich alijibu kwa sauti ya upole kwamba mkunga wetu amefika salama, tunashukuru, na wenu labda yuko njiani, barabara mbaya. Halafu mto ukaganda, ukayeyuka, ukafurika, na kila mara ikawa kuna sababu. Mpaka majira ya kuchipua Rimma alikuwa amefunga ndoa na Matvei mwenye masikio.

Aliyemfumbua macho ni daktari mkuu wa wilaya, kwenye mkutano mjini. Alimwita pembeni, akamuuliza kama yeye ndiye yule msichana aliyetoroka Pokrovka. Rimma alirudi na lori lilelile la maziwa, hakumsemesha Matvei njia nzima, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti. Bibi yangu alikuwa anafagia barazani pale, na siku hiyo alifagia sana.

"Ulijua?"

"Nilijua nini, Rimma Savelyevna?"

"Usinipige chenga, Yefim Lukich. Ulijua mimi si wenu?"

"Nani kakuambia si wetu? Umezalisha watoto wangapi hapa? Hao si wetu?"

"Kule wapo wanawake waliokuwa wananingoja!"

"Hapa je? Klavdia alikuwa hangoji?" Klavdia ni mama yangu. "Nenda kamwambie Klavdia umekosea njia. Nenda, mto uleule, kivuko kipo. Beba na masikio ya Matvei, uache lori."

Alifunga mizigo kweli. Lakini kivuko kilikuwa kimechukuliwa na maji wiki ileile, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutapika asubuhi. Mwaka uliofuata wakubwa walizibandua tena wilaya. Pokrovka ya ng'ambo ikarudi Zaborsk, ikawa na daktari mkuu wake na hesabu zake. Lugovsk wakamwambia Rimma akae alipo, Zaborsk watapeleka mtu wao. Akakaa. Matvei alilala ghalani na ng'ombe mpaka mavuno.

Tangu hapo alituzalisha, alitudunga, alitutukana. Hakuwa na dogo. Mlevi akiugua alimtibu kwanza, kisha akampiga kofi, na watu walisema kofi ndilo lililokuwa linaponya. Alitembelea pikipiki yenye kibehewa pembeni, na mjamzito akikaa ndani ya kile kibehewa, yeye alikuwa akiimba kwa sauti mbaya ili mwanamke amkasirikie na asahau uchungu. Nadhani alitupenda. Lakini alikuwa na jambo moja, na wote tulilijua. Akija mtu aliyepotea, dereva wa matofali au fundi wa umeme aliyeitafuta ile Pokrovka ya ng'ambo, sisi tulicheka, na yeye alitoka mbio na aproni yake.

"Wewe ni wa Pokrovka ya Zaborsk? Nani anazalisha kwenu?"

"Kuna mama mmoja."

"Mama gani? Amesoma? Alikuja lini?"

"Mama, mimi naleta saruji."

Akaokota makombo hayo miaka yote. Mara mama mmoja, mara mama mkali, mara mama mwenye mikono mikubwa. Hakuna aliyemletea zaidi ya hapo.

Siku moja, mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, alikuwa ananidunga sindano ya mgongo na nikamuuliza kwa utani kwa nini anawahoji wapita njia kama polisi. Hakucheka.

"Genka," akasema, "nataka kujua kama kuna mtu alikufa kule kwa sababu mimi nilipanda lori la maziwa. Basi. Nikishajua, nitanyamaza."

"Sasa si uende, shangazi? Ni nusu siku kwa barabara." Wote aliotuzalisha tulimwita shangazi.

"Na wakiniambia yupo?"

Nikapandisha suruali iliyokuwa magotini. Matvei naye alipokuwa hai hakutaka kabisa kusikia habari ya safari hiyo. Alikuwa mzee mwenye wajukuu na bado aliogopa kwamba akimfikisha kule, hatarudi naye.

Matvei alikufa. Zahanati yetu ikafungwa, akawa anakuja muuguzi siku ya Jumanne akiwa na haraka. Rimma Savelyevna akastaafu. Nilidhani ule udadisi wake utastaafu naye, mpaka alipokuja uani kwangu mwezi wa kumi mmoja, akapiga teke tairi la Niva yangu.

"Hili gari linatembea?"

"Linatembea likiombwa vizuri."

"Keshokutwa unanipeleka ng'ambo."

"Keshokutwa ni Pokrova, shangazi Rimma! Watu watakuwa mezani, mke wangu atanichinja."

"Ndiyo maana nakwenda keshokutwa. Na wao watakuwa mezani. Siku hiyo hawataniuliza mimi nani. Nitawatazama kwanza, nitasikia, halafu nitaona kama nina mdomo wa kusema."

Alikuwa amelipanga jambo hilo, nadhani, kwa miaka mingi. Nikamwambia mke wangu tunakwenda hospitali ya mjini. Hakuamini, lakini alitufungia pai.

Tulizunguka kupitia mjini Lugovsk, tukavuka daraja, tukaingia Zaborsk. Njiani hakuwa na utulivu. Aliuliza bei ya ng'ombe kwa kila mtu tuliyemwona barabarani, jambo ambalo halikumhusu hata kidogo. Mimi pia, lazima niseme, nilikuwa na hamu. Mtu unaishi maisha yako yote na jina la kijiji chako lipo mahali pengine, limevaliwa na watu usiowajua. Unataka kuona linawakaa vipi.

Basi niliona. Kijiji ni kilekile. Kisima kilekile chenye mti mrefu wa kuvutia ndoo, duka lilelile lenye kufuli kubwa kuliko bidhaa, mbwa walewale wasio na adabu. Ila wao hupaka madirisha rangi ya bluu, na sisi kijani. Nikamwambia shangazi Rimma kwamba watu wanaopaka bluu hawawezi kuwa na akili timamu. Akaniambia nifunge domo niegeshe penye kelele nyingi.

Penye kelele nyingi palikuwa nyumba ya mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzee, mpana, nywele fupi za kijivu, mikono mikubwa kweli. Alitufungulia, akatutazama viatu, akatuvuta ndani.

"Mlango! Mnapasha joto barabara? Kaeni. Zakhar, sogea, umeota mizizi?"

Tukakaa. Huyo Zakhar alikuwa mzee mkimya mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, akanimiminia kikombe bila kuniangalia. Hakuna aliyetuuliza kitu. Desturi yao ni yetu, hata namna ya kusukumia mgeni sahani. Tukaletewa nyama iliyoganda na mchuzi wake na haradali kali, na mwenyeji, ambaye kila mtu alimwita Taisia Fominichna, alikuwa akiamka kila mara, mara kumfunga jirani kidole, mara kumpima presha mwanamke aliyepita dirishani. Shangazi Rimma alimfuata kwa macho. Hakula.

"Dada," akamwambia mwishowe, "wewe ndiye mganga wa hapa?"

"Mganga!" Taisia Fominichna akacheka. "Mimi ni mchunga ndama. Kazi yangu rasmi ni ndama. Hii nyingine nimeishika kwa muda."

Meza nzima ikaangua kicheko. Bila shaka walikuwa wameusikia mzaha huo mara nyingi.

"Kwa muda vipi?"

"Eh, hadithi ndefu. Msichana mmoja wa mjini alipangiwa kuja kwetu, akapotea njiani kama sindano. Mzee wetu alimngoja kituoni mpaka farasi akala kofia yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimekubaliwa kazi ya kondakta wa treni! Walishanipima na sare. Mwenyekiti akaniambia, Taisia, wewe una mikono mizuri na ndama, mshike mkono bibi Ustinya anayezalisha kienyeji, kwa muda, mpaka mkunga aje." Akaweka birika mezani. "Ustinya akafa. Wakanipeleka kozi ya miezi michache, wakanirudisha. Zaborsk wakasema mbona nyinyi mna mtu tayari? Basi. Nashika mpaka leo."

"Ukashika vizuri," mtu akasema.

"Nimeshika nilivyoshika."

Shangazi Rimma alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza. Nilijua anachokwenda kuuliza na nilitamani asikiulize.

"Alikufa mtu?" akauliza. "Mwanzoni, kabla hujajua kazi?"

Nyumba ikapoa. Taisia Fominichna akamtazama Zakhar. Zakhar akaweka kikombe chini.

"Mke wangu," akasema. "Majira ya baridi yaleyale. Mwambie, Taya. Mgeni ameuliza."

"Lukerya wake," akasema Taisia, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Alivimba uso. Miguu pia. Mimi na Ustinya tukasema ni uzito wa mimba. Akawa analalamika kichwa, anaona kama nzi mbele ya macho. Tukamwambia alale. Halafu akashikwa na degedege. Daktari wa wilaya alikuja baadaye, akaniambia hata angekuwapo mkunga angekufa. Nilimwamini miaka kumi. Kisha nikaacha kumwamini. Sasa nimezeeka, nimeanza kumwamini tena."

Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo shangazi Rimma aseme daktari alikuwa sahihi. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu na sisi wote tungerudi kwenye pai. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akiwapiga walevi makofi.

"Uso na miguu," akasema. "Nzi mbele ya macho. Ningemtambua. Kumwokoa, sijui. Kumtambua, ningemtambua." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye msichana yule. Sikutoroka, nilipanda gari la Pokrovka nyingine. Lakini nilipojua, sikuja. Ningeweza kuja na sikuja."

Nikaanza kupima kwa jicho umbali wa mlango, maana mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa gari, na pia, kama mnakumbuka, mimi ndiye niliyekuja miguu mbele. Mzee Zakhar akainuka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Mimi msichana huyo nimemlaani miaka mingi," akasema. "Nimemlaani bila jina, sikuwa na jina lake. Sasa jina nitakuwa nalo, na kulaani siwezi tena, amekula mkate kwenye meza moja na mimi."

"Hajala," nikasema. Sijui kwa nini. Nilikuwa naogopa.

Taisia Fominichna akakata kipande kikubwa cha pai, akakitua mbele ya shangazi Rimma kwa kishindo mpaka vijiko vikaruka.

"Kula."

Shangazi Rimma akala. Alikula akilia waziwazi, pua ikitiririka, na hakuna aliyemtazama. Watu wakaanza kuzungumza juu ya viazi.

Tulilala hapo, mimi juu ya tanuri, ambako kwetu watu hulala kwa ajili ya joto, wao sijui walilala au hawakulala. Asubuhi niliposhuka, Taisia Fominichna alikuwa amesimama katikati ya nyumba na koti la kwendea mjini, na begi miguuni. Shangazi Rimma alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa viatu.

"Mgeni amekula, amelala," akasema Taisia. "Leo ni kesho. Sasa nauliza. Wewe ni nani?"

Shangazi Rimma akasimama, akanyoosha sweta lake kama mwanafunzi.

"Rimma Savelyevna Toporkova. Mkunga. Nimepangiwa Pokrovka."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Ufunguo wa zahanati uko kwenye msumari. Marfa wa nyumba ya tatu anadungwa insulini kabla ya chai. Zakhar ana presha, na akikuambia hajanywa, mnuse. Wajawazito ni wawili, mmoja ni mwoga, usimpigie kelele."

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni. Nitapanda treni ya kwanza itakayosimama. Nataka kujua zinakokwenda."

"Utarudi lini, Taya?"

Taisia Fominichna akafunga kitambaa kichwani, bila haraka.

"Mimi niliambiwa kwa muda," akasema, akachukua begi.

Nilimtazama shangazi Rimma nikidhani atanipa ishara, aniambie niwashe gari tuondoke zetu. Alikuwa ameshakwenda kwenye msumari. Nikamuuliza nitawaambia nini wajukuu zake. Akasema niwaambie amefika kazini, na niwaletee hawa watu pikipiki yake kabla theluji haijafunga barabara. Hivyo ndivyo Pokrovka yetu ilivyompoteza.

Basi nikaondoka na mwanamke mwingine ndani ya gari. Mwanzoni nilijaribu kupiga soga, nikamtania juu ya madirisha ya bluu, akanijibu kwamba kijani ni rangi ya choo, tukaelewana. Kisha tukakaribia bango la mwisho wa wilaya ya Zaborsk. Alikuwa akigeuka kila mara kutazama kiti cha nyuma. Akageuka tena, na tena, mpaka nikapunguza mwendo.

"Umesahau kitu, Taisia Fominichna? Turudi?"

"Hapana, mwanangu, endesha," akasema. "Ni kwamba hapa sijawahi kupita bila mgonjwa."